Pikapu za gitaa la mtumba: jinsi ya kuzitambua kabla hujafungua skrubu

Gitaa la umeme la mtumba likifika Arusha au Moshi huwa limeshapita mikono mingi. Moja liliachwa na mgeni aliyekuja kujitolea, jingine limevuka Namanga kwenye buti la Noah, jingine kwaya ililichangia kwa miezi kadhaa. Kichwani limeandikwa jina hili, ndani lina vitu vya jina lile. Aliyebadilisha pikapu zake, yaani vile vinasa sauti vilivyokaa chini ya nyuzi, hayupo wa kuulizwa. Wenye magitaa wananijia na swali lilelile: "Fundi, hizi ni pikapu za kampuni gani?" Nami huwauliza kwanza zinafanya nini.

Siulizi hivyo kukwepa. Ukijua kama pikapu ina koili (waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi) moja au mbili, imezungushwa kiasi gani, inahitaji betri au haihitaji, na nyaya zake zinakwenda wapi, utalitengeneza gitaa lako hata kama jina la kampuni hutalijua maisha. Ukishika jina kwanza na jina likawa la uongo, utalehemu nyaya vibaya na kulaumu pikapu nzima bure.

Vifaa ni vichache: mita ya kawaida ya fundi redio, waya wa gitaa unaouamini, bisibisi ndogo ya chuma, rula, na dira ya sindano ukiipata. Simu itakusaidia kwa tochi na picha. Piga picha ya kila kitu kabla hujagusa waya wowote.

Kupima bila kufungua

Chomeka waya kwenye gitaa, ule upande wa pili uache huru, usiuingize kwenye amplifaya. Weka mita kwenye omu, yaani ukinzani wa umeme, kipimo cha 20k (kilo-omu 20). Waya mwekundu wa mita uguse ncha ya plagi, mweusi uguse shina lake. Fungua volyumu na toni zote hadi mwisho, swichi iweke kwenye pikapu moja tu, uzime nyuzi kwa kiganja. Uzi ukitikisika pikapu inazalisha umeme na namba haitatulia.

Pikapu za koili moja za mtindo wa gitaa la Fender Stratocaster kwa kawaida zinasoma kati ya kilo-omu 5.5 na 6.5. Hambaka, yaani zile za koili mbili zilizolala pamoja, zikiwa za mtindo wa zamani wa Gibson zinasoma kati ya 7 na 9. Zilizozungushwa sana kwa ajili ya roki nzito zinapanda hadi 12, 14, hata 17. Super Distortion ya kampuni ya DiMarzio, iliyotoka mwaka 1972, iko karibu na 13.7. JB ya kampuni ya Seymour Duncan inakaribia 16.4. Namba utakayoisoma kwenye plagi itakuwa chini kidogo ya hizi, kwa sababu mita inapima koili pamoja na potenshomita ya volyumu, yaani kile kifaa cha ndani kinachozungushwa na kitufe. Pikapu ya 8.2 kwenye volyumu ya kilo-omu 500 itasoma karibu 8.1, na kwenye ya kilo 250 itasoma karibu 7.9.

Kuna mtego hapa ambao umewapotosha wengi. P-90 ya Gibson, iliyoanza mwaka 1946, ni ya koili moja lakini inasoma karibu 8 kama hambaka. Tena kuna zinazotengenezwa kwa umbo la hambaka ili ziingie kwenye tundu lilelile. Upande mwingine utakutana na pikapu nyembamba zenye umbo la koili moja, juu zina vyuma viwili virefu badala ya vichwa sita vya chuma, kimoja kwa kila uzi, na mita inasoma 10 au zaidi. Hizo ni koili mbili zilizobanwa. Kwa hiyo namba peke yake haitoshi. Na omu si nguvu: waya mwembamba zaidi hupandisha omu bila kupandisha sauti kwa kiwango hicho.

Jambo jingine ambalo sijaona likitajwa huku kwetu ni joto. Ukinzani wa shaba hupanda karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi joto moja. Nina pikapu moja niliyoipima asubuhi ya Julai hapa Arusha, wakati tunavaa masweta, ikasoma 7.7. Niliipeleka Moshi mwezi wa pili, nikaipima saa saba mchana chini ya bati, ikasoma 8.2. Ni pikapu ileile na mita ileile. Kwa hiyo mtu akikuambia "ya kwangu ni 8.2 na yako 7.8, basi yako ni feki", muulize alipima wapi na saa ngapi.

Mita inasoma sifuri

Kwanza hakikisha volyumu iko wazi. Ikifungwa, mita inaona njia fupi ya kwenda ardhini, yaani upande wa shina la plagi, na inasoma sifuri hata kama pikapu ni nzima. Ikiwa iko wazi na bado ni sifuri, tatizo mara nyingi liko kwenye tundu la plagi: ulimi wa chuma umepinda ukagusa mwili wa tundu, au unywele wa waya umechomoka ukagusa upande wa pili. Pikapu yenyewe kuwa na shoti kamili ni nadra sana. Usianze nayo.

Mita haisomi chochote

Mita ikionyesha 1 peke yake upande wa kushoto, au OL, badilisha waya wa gitaa kwanza. Kisha sukuma swichi huku na huku mara ishirini hivi, na zungusha volyumu kwa idadi hiyohiyo. Vumbi la kiangazi la huku hujaa kwenye swichi, hasa kwa gitaa lililolala stoo. Kama namba inakuja na kupotea, swichi inahitaji kusafishwa kwa dawa ya kontakti, na pikapu haina kosa.

Mita imepanda hadi 250 au 500

Kama baada ya hayo mita bado inaonyesha 1 au OL, badilisha kipimo chake uende 2000k. Ukiona namba karibu na 250 au 500, mita inasoma potenshomita peke yake. Koili imekatika ndani, au waya wake umechomoka kabla ya kufika kwenye swichi. Faida ndogo ya ugonjwa huu ni kwamba umeshajua volyumu ni ya kilo ngapi. Viwandani kwa kawaida 250 hufungwa pamoja na koili moja na 500 pamoja na hambaka, kwa hiyo namba hiyo ni fununu ya gitaa lilivyozaliwa.

Kabla hujaihukumu pikapu, itoe uiangalie kwa lenzi pale waya mnene wa nje unapoungana na waya wa koili. Waya wa koili wa kawaida una unene wa milimita 0.063 hivi, mwembamba kama unywele, na kiungo hicho ndicho hukatika mara nyingi. Ukiona ncha imejitokeza, tone dogo la risasi ya kulehemu linatosha kuirudisha. Lakini usibandue utepe unaozunguka koili ili "uone vizuri". Nilipokuwa naanza kazi hii nilibandua utepe wa pikapu ya mtu, gundi yake ikaondoka na nyuzi za shaba za juu, na pikapu iliyokuwa na kiungo kimoja tu kibovu ikawa imekufa moja kwa moja. Hadi leo nikishika utepe ule mkono unapunguza mwendo.

Mita inasoma nusu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu tatizo hili ndilo linafanya pikapu nyingi nzuri zitupwe.

Kijana mmoja mpiga solo wa kwaya kutoka Pasua alipanda Costa asubuhi akaniletea gitaa jeusi lenye hambaka mbili, halina jina popote.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, kijana wangu. Limekuwaje?"

"Hii ya darajani imekufa, fundi. Sauti imekuwa nyembamba, halafu inanguruma. Nimeambiwa ninunue nyingine."

Ya shingoni, iliyo karibu na shingo ya gitaa, ilisoma 7.8. Ya darajani, kule nyuzi zinakoshikiliwa mwilini, ilisoma 4.1. Pikapu iliyokufa haisomi 4.1. Namba hiyo ni nusu ya kitu kizima, na hambaka ina nusu mbili. Kwenye gitaa lenye volyumu ya kuvuta juu ungeanza kwa kuuliza kama imekwama ikiwa imevutwa, kwa sababu mafundi wengi huifunga ili ikivutwa izime koili moja. La kwake halikuwa na volyumu ya namna hiyo.

Nikachomeka amplifaya kwa sauti ndogo, nikagonga vichwa vya pikapu taratibu kwa ncha ya bisibisi. Upande wa vichwa laini, mlio ulikuja mkubwa: tok, tok. Upande wa skrubu ulikuja hafifu, kama mtu anagonga mlango wa jirani. Basi koili ya skrubu ilikuwa imezimwa, ila haikuwa imekatika. Ingekuwa imekatika, na kwa kuwa koili mbili hizi zimeungwa kwa mfululizo, mita isingesoma pikapu kabisa.

Tukafungua kifuniko cha nyuma. Waya wa pikapu ulikuwa na rangi nne na mmoja mtupu. Mweusi ulikwenda kwenye swichi. Kijani na ule mtupu vililehemiwa mgongoni mwa volyumu. Mwekundu na mweupe vilikuwa vimesokotwa pamoja na kufungwa selotepu, na selotepu ilikuwa imelainika kwa joto, imeteleza, na ncha ya shaba ilikuwa imelala juu ya chuma cha volyumu. Hicho ndicho kiungo kinachounganisha koili ya kwanza na ya pili. Kikigusa ardhi, koili moja inazimwa. Sauti inakuwa nyembamba, na kazi ya hambaka ya kufuta mngurumo inakwisha.

Nikainua ncha ile kwa ukucha huku mita ikiwa imeunganishwa. Namba ikapanda mbele ya macho yake: 4.1, kisha 8.1. Hakusema kitu. Alishika tu shingo ya gitaa kwa mikono miwili. Nikalehemu kiungo vizuri, nikavalisha mrija wa plastiki, tukafunga.

Zile rangi zilinipa fununu. Kwa Seymour Duncan, mweusi ndio wa sauti, mwekundu na mweupe huungwa pamoja, kijani na mtupu huenda ardhini. Kwa DiMarzio, mwekundu ndio wa sauti, mweusi na mweupe huungwa pamoja, kijani na mtupu ardhini. Lakini viwanda vingi vya bei nafuu vimeiga mpangilio wa rangi wa Duncan, na pikapu ya yule kijana haikuwa na jina lolote kwenye bamba lake la chini. Nilimwambia ukweli: ni hambaka ya nguvu ya wastani, mpangilio wa nyaya ni kama wa Duncan, mtengenezaji hajulikani. Alitosheka, na alikuwa na haki ya kutosheka.

Namba zisizo na maana, na betri ndani

Ukikuta pikapu nyeusi iliyofunikwa kabisa, haina vichwa wala skrubu juu, na ndani ya gitaa kuna nafasi ya betri ya volti 9, acha kupima omu. Pikapu za namna hiyo, ambazo kampuni ya EMG ndiyo iliyozisambaza sana, zina kikuza sauti kidogo ndani yake na mita itakupa namba isiyoelezea koili. Potenshomita zake huwa za kilo 25, kwa hiyo fundi akibadilisha na kuweka za 500 gitaa litaharibika tabia. Dalili ya kawaida ni sauti iliyochoka inayokwaruza, kisha kimya. Weka betri mpya kabla ya kitu kingine. Waya ukiwa umechomekwa betri inaliwa hata kama hupigi, basi uchomoe ukimaliza ibada. Na si kila pikapu iliyofunikwa ni ya betri: EMG hiyohiyo inatengeneza za kawaida zenye sura ileile.

Kila moja ni nzuri, zikiwa pamoja sauti inakauka

Swichi ikiwa katikati, besi inapotea na sauti inasikika kama inatoka kwenye redio ndogo. Pikapu mbili zinapingana. Hutokea sana kwenye magitaa yaliyochanganywa pikapu za kampuni mbili.

Weka mita kwenye milivolti 200 za umeme wa moja kwa moja (DC), chagua pikapu ya shingoni, gusisha bisibisi kwenye vichwa vyake kisha ivute juu haraka. Namba itaruka upande wa chanya au hasi. Rudia kwa ya darajani. Zikiruka pande tofauti, umepata jibu. Dawa ni kubadilishana nyaya mbili za pikapu moja, wa sauti uwe wa ardhi na wa ardhi uwe wa sauti. Usifanye hivyo kwa pikapu yenye kifuniko cha chuma na waya mmoja uliovikwa nyuzi za chuma, kwa sababu kifuniko chote kitageuka waya wa sauti na kitanguruma kila ukikigusa. Hiyo inahitaji kugeuzwa sumaku ndani, na dira itakuonyesha upande upi ni kaskazini kabla na baada.

Mngurumo

Koili moja hunguruma, ndivyo ilivyo. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde na koili inaunasa hewani, zaidi ukiwa karibu na taa za tyubu au mtu anachomelea vyuma jirani. Simama na gitaa, zunguka polepole. Mngurumo ukipungua ukitazama upande fulani, ni koili inayonasa, na umejifunza kwamba pikapu hiyo si hambaka inayofanya kazi kamili.

Sasa gusa nyuzi. Mngurumo ukipungua, waya wa ardhi wa daraja ni mzima. Usipobadilika, waya huo umekatika. Ukiongezeka, kuna uwezekano nyaya za tundu la plagi zimegeuzwa.

Lakini ukihisi mtetemo wa umeme kwenye vidole, au mdomo ukapigwa na maikrofoni ukiwa umeshika nyuzi, acha kupiga, zima amplifaya ukutani na chomoa. Huo si ugonjwa wa pikapu. Ni amplifaya au jengo lisilo na waya wa ardhi, na umeme wa namna hiyo unaua. Kwenye mikutano ya nje inayotumia jenereta, angalia jambo hili kabla mpiga gitaa hajasogelea maikrofoni.

Mluzi mkali

Gitaa likipiga mluzi mwembamba usiobadilika ukizima nyuzi, na ukigonga kifuniko cha pikapu kwa ukucha unasikia kama unagonga kopo, koili zake zina nyuzi zilizolegea. Huzamishwa kwenye nta: nta ya mishumaa sehemu nne, na nta ya nyuki sehemu moja, kwenye chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, joto la nyuzi 65 hivi. Likizidi hapo sana plastiki ya koili hupinda. Kamwe usiweke nta moja kwa moja juu ya jiko.

Nyuzi nene zimekufa, nyembamba zinalia

Hili linaletwa kwangu kila mara kama ugonjwa wa pikapu. Tazama rangi ya nyuzi. Zikiwa za njano ya shaba, ni nyuzi za gitaa kavu. Shaba haivutwi na sumaku, kwa hiyo zile zilizozungushiwa shaba zinafika kwenye pikapu hafifu huku nyembamba za chuma kitupu zikilia kwa nguvu. Nunua nyuzi za gitaa la umeme, zilizozungushiwa nikeli au chuma.

Na jina je?

Ukishamaliza hayo yote, ndipo ugeuze pikapu. Seymour Duncan na DiMarzio kwa kawaida huandika jina lao kwenye bamba la chini au kwenye plastiki. Herufi R au N huashiria ya shingoni, T au B ya darajani. Pima kutoka katikati ya kichwa cha kwanza hadi cha sita: milimita 49 au 50 ni nafasi ya mtindo wa Gibson, 52 au 53 ni ya mtindo wa Fender.

Kujua kama sumaku ni ya alniko au ya seramiki, tumia mita tena. Alniko ni metali, gusa kipande cha sumaku kwa ncha zote mbili na mita itasoma karibu sifuri. Seramiki haipitishi umeme, mita haitasoma kitu. Pikapu nyingi za koili moja za bei nafuu zina vichwa vya chuma cha kawaida na mche wa seramiki wa kijivu umebandikwa chini, kwa hiyo gusa mche wenyewe, usiguse vichwa.

Namba mgongoni mwa potenshomita zinasaidia pia. Ikianza na 137 ni ya kampuni ya CTS, na zinazofuata ni mwaka na wiki: 1377922 ni wiki ya 22 ya mwaka 1979. Hiyo ni tarehe ya potenshomita tu, lakini risasi ya pale ikiwa ya zamani na haijaguswa, pikapu huenda ilizaliwa nayo.

Mtu akikuonyesha stika ya "Patent Applied For" (hataza, yaani haki ya uvumbuzi, imeombwa) kwenye hambaka na kukutajia bei ya kiwanja, tulia. Hambaka ile aliibuni Seth Lover wa Gibson mwaka 1955, ikaanza kufungwa kwenye magitaa mwaka 1957. Stika za kuiga zinauzwa kwa wingi. Hata stika halisi zilizofuata ziliandikwa namba 2,737,842, ambayo ni hataza ya kishikio cha nyuzi cha mpiga gitaa Les Paul na si ya pikapu. Karatasi isikuuzie gitaa.

Ukimaliza, chukua kipande cha selotepu ya karatasi, andika kwa kalamu ya wino: pikapu ya shingoni na namba yake, ya darajani na namba yake, rangi ya waya wa sauti, tarehe, na kama ulipima Moshi au Arusha. Kibandike upande wa ndani wa kifuniko cha nyuma, kisha rudisha skrubu.